Kichekesho Nacho Hutegwa: Jinsi Maneno Machache Yanavyobeba Maana Mbili

Jumamosi moja jioni mjomba wetu aliyeko Mikindani alituma kichekesho kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kilikuwa kifupi hivi:

"Eti mgeni kaingia nyumba ya watu Mikindani, safari imemchosha na njaa inamuuma. Akamsikia mama mwenye nyumba akimwambia bintiye: Leo tuna mgeni, lete mbuzi. Mgeni akalegeza mkanda. Binti akaleta mbuzi, akaikalia, akaanza kukuna nazi."

Wengi tulicheka. Kisha mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyeolewa Bukoba, akaandika: "Shikamoo mjomba. Samahani, sijaelewa. Binti anakaliaje mbuzi? Na nazi imetoka wapi?"

Hapo ubishi ukaanza. Mmoja akasema Kiswahili cha mdogo wangu ni cha Bara. Mwingine akaonya kwamba asielezwe, maana kichekesho kikielezwa kinakufa. Mama mkubwa aliudhika kabisa: Mikindani hakuna nyumba inayomnyima mgeni kitoweo, kwa hiyo mjomba amewasingizia watu wa kwao. Mjomba naye akajibu kwa maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasikia: "Jamani, nilikuwa natania tu."

Nafundisha Kiswahili hapa Mtwara, na katika ubishi ule niliyaona maswali ambayo wanafunzi wangu huniuliza mwaka hadi mwaka. Kichekesho ni uongo? Mbona maneno yale yale humvunja huyu mbavu na kumwacha yule mdomo wazi? Kwa nini kikielezwa kinapoa? Na je, "natania tu" hufuta kila kitu? Nitajaribu kuyajibu kwa kuitumia mbuzi ile ile ya mjomba.

Tuanze na majina, kwa sababu tunayachanganya. Kichekesho ni maneno au kisa kilichotungwa ili kichekeshe. Utani ni mpana zaidi: ni namna ya kusema, lakini pia ni uhusiano, kama ule wa mjukuu na bibi yake au wa makabila yaliyo watani. Mzaha na masihara ni kusema au kutenda jambo bila kulitilia uzito. Dhihaka na kejeli humlenga mtu, na hutaka aumie.

Kutoka kwenye isimu, yaani taaluma inayochunguza lugha, nitachukua maneno mawili tu. Semantiki hushughulikia maana iliyomo ndani ya neno au sentensi yenyewe. Pragmatiki hushughulikia maana inayoongezwa na mahali, wakati na watu wanaozungumza. "Lete maji" kisemantiki ni agizo la kuleta maji, basi. Akilisema mtu aliyekaa mbele ya sinia la wali, unaleta maji ya kunawa. Akilisema aliyekabwa na mwiba wa samaki, unaleta ya kunywa, tena mbio. Akilisema aliyeona paa la makuti likishika moto, unaleta ndoo. Maneno ni yale yale mawili.

Mlango wa dema

Kiswahili chenyewe kimeshatupa picha ya kazi hii. Kitendawili hatukisemi, tunakitega. Na mwenzetu hakijibu, anakitegua. Ni lugha ya mtego. Kichekesho nacho hutegwa, ila kuna tofauti moja kubwa. Mtega kitendawili hutangaza "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!", wakijua kwamba kuna jambo limefichwa. "Nyumba yangu haina mlango." Unakuna kichwa, unatafuta, unajibu: yai. Kwenye kichekesho hakuna anayekuuliza swali. Unadhani umeshaelewa, unatembea zako, kumbe umo ndani.

Aliyewahi kuliona dema la wavuvi wetu, Mikindani au ng'ambo ya Msangamkuu, ataielewa habari hii upesi. Dema ni kapu kubwa la kutegea samaki. Mlango wake ni mpana kwa nje, kisha unazidi kubana kuelekea ndani. Samaki huingia kwa raha zake. Njia ni moja na inampeleka mbele. Akishafika ndani ndipo anagundua mahali alipo.

Mwanzo wa kichekesho ni mlango ule mpana. Tazama mgeni wa mjomba. Amefika amechoka, na mama anasema "leo tuna mgeni". Sisi tuliolelewa na methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" tunajua sentensi hiyo inaelekea wapi: inaelekea kwenye kisu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kuchinja. Tumelijaza wenyewe. Mkanda unapolegezwa tunazidi kuzama, kwa sababu mgeni naye ameelewa kama sisi. Kisha linakuja neno moja na ukuta wa dema unaonekana.

Mwaka 1985 Victor Raskin, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, aliipanga habari hii katika nadharia ambayo hadi leo watafiti wa ucheshi huanzia kwake. Kwa maneno yangu mwenyewe, alisema hivi: kila mmoja wetu anabeba kichwani picha za mambo ya kawaida ya maisha. Picha ya kumpokea mgeni ina salamu, kiti, maji, kitoweo kizuri. Picha ya jikoni siku ya kawaida ina moshi, chungu, nazi ya kukuna. Maneno ya kichekesho hutoshea picha mbili kwa pamoja, yote au sehemu yake kubwa. Na picha hizo mbili lazima zikinzane.

Sharti hili la mwisho husahauliwa sana. Watu hudhani kwamba neno lenye maana mbili linatosha kuchekesha. Halitoshi. "Nimenunua taa" ina maana mbili, taa ya kumulika na taa samaki, yule bapa mwenye mkia mrefu. Sentensi hiyo yaweza kusemwa kutwa nzima kwenye soko la samaki na hakuna atakayecheka. Utata, yaani hali ya neno au sentensi kuwa na maana zaidi ya moja, ni chambo tu. Kinachochekesha ni umbali kati ya picha mbili, na umbali wenyewe uwe katika jambo linalogusa moyo: hapa nyama iliyotumainiwa, pale sauti ya nazi ikikunwa kama kila siku.

Silabi moja

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Lichukue neno "akaikalia" ulifungue. A- ni binti. -ka- ni usimulizi, kiambishi kinachofanya matukio yafuatane mbio: akaleta, akaikalia, akaanza. -i- ni mbuzi. -kali- ni kukaa juu ya kitu, na -a ni kiishio. Kichekesho kizima cha mjomba kimening'inia kwenye ile -i- moja. Katika Kiswahili sanifu wanyama hufuata upatanisho wa watu: mbuzi huyu, mbuzi amekufa, binti akamkalia. Kifaa cha kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, hakina uhai: mbuzi hii, mbuzi imevunjika, binti akaikalia. Kwa hiyo msomaji anaposhuka na maneno "akaleta mbuzi" bado anamwona mnyama akivutwa kwa kamba. Anagonga -i- na mnyama anayeyuka, kigoda kinabaki.

Sasa rudi nyuma kidogo uone ustadi wa mtegaji. Mama alisema "lete mbuzi". Angesema "mlete mbuzi", mnyama angekuwa amethibitishwa na kichekesho kingekuwa uongo mtupu. Angesema "ilete mbuzi", kifaa kingefichuka mapema. "Lete" tupu, bila kiambishi cha mtendwa, ndiyo peke yake inayoacha mlango wazi pande zote mbili. Mjomba hajasomea isimu. Amekaa kwenye vijiwe vya kahawa vya Mikindani tangu ujana wake, na sikio lake linajua.

Jaribu kukiharibu kichekesho hicho makusudi, utaona kila neno lina kazi. Sema "lete mbuzi ya kukunia nazi": kimekufa. Sema "lete ile mbuzi": kimekufa pia, maana "ile" imeshachagua. Sema "akakaa juu ya mbuzi, akaanza kukuna nazi": bado kina uhai, lakini mshtuko umehama kutoka kwenye silabi hadi mwisho wa sentensi, na kicheko kinakuja kizito. Hii ndiyo sababu vichekesho vizuri ni vifupi. Kila neno la ziada ni tundu jipya kwenye dema, na samaki atachungulia nje.

Na mdogo wangu wa Bukoba? Kwanza, mapishi ya nyumbani kwao ni ya ndizi, na nazi si chakula cha kila siku. Kile kigoda hakimo kwenye picha zake za jikoni. Pili, katika mazungumzo ya kawaida sehemu nyingi za Bara, mtu husema "mbuzi inakula majani" au "ng'ombe yangu" bila kushangaza mtu. Kwa aliyezoea hivyo, -i- haina habari yoyote mpya. Ni mbuzi yule yule mwenye pembe, sasa amekaliwa na binti wa watu, jambo la ajabu kweli. Kwa hiyo aliyesema Kiswahili chake kibovu alikosea. Kijana aliisoma kila silabi. Silabi ile haikuwa imefungwa kamba upande wake.

Kuna vichekesho vingine ambavyo sauti ndiyo inayoamua. Neno "barabara" ukilikazia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari; ukilikazia kwenye silabi inayotangulia hiyo ni "sawasawa, kwa ukamilifu". Kwenye maandishi yanafanana kabisa. "Mkandarasi amejenga barabara?" "Amejenga, ila si barabara." Likiandikwa, jibu hilo linakufanya urudi mara mbili. Likisemwa, mdomo unalazimika kuchagua, na mchezo unakwisha kabla haujaanza. Ndiyo maana baadhi ya vichekesho huruka vizuri kwenye simu na kuanguka kijiweni, na vingine ni kinyume chake.

Pale ambapo hakuna neno la kuchezea

Msomaji asidhani kwamba kila kichekesho ni mchezo wa neno lenye maana mbili. Kuna ngazi. Sikiliza hiki, ambacho kiko katikati:

Jamaa mmoja alikuwa anamdai mvuvi shilingi elfu kumi. Akamfuata pwani asubuhi na mapema, akamwambia kwa ukali: "Leo nataka changu!" Mvuvi akamchagulia changu mmoja mnene, akamfungia, akanyoosha mkono: "Elfu kumi, kaka."

Neno lipo, "changu", mali yangu na changu samaki. Lakini aliyepotea hapa si msikilizaji. Tunajua tangu mwanzo mdai anataka nini. Kinachotuchekesha ni mvuvi, ambaye inawezekana kabisa ameelewa na anajificha ndani ya utata kama kaa ndani ya tundu lake. Lugha imempa mahali pa kukimbilia, naye amekimbilia. Kila aliyewahi kudai deni anaufahamu mlango huo.

Sasa kipande hiki, ambacho hakina neno hata moja lenye maana mbili:

Mke: "Baba Zainabu, mbona unapiga pasi shati la Idi na Idi bado?"
Mume: "Mnada ulikuwa jana."

Mtu wa Newala au Tandahimba amekwisha kucheka. Mtu wa kutoka mbali anaona watu wawili wasiosikilizana. Shati na mnada vinahusiana nini?

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alilieleza jambo hili katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, iliyochapishwa mwaka 1975. Watu wanapozungumza, alisema, wana mapatano ambayo hayajawahi kuandikwa popote: sema ya kutosha, sema kweli, sema kinachohusika, sema kwa uwazi. Ndiyo maana mtu akitoa jibu ambalo kwa juu halihusiki, hatusemi mara moja kwamba amerukwa na akili. Tunadhani bado anashika mapatano, na tunajenga daraja wenyewe ili jibu lake lihusike.

Daraja la hapa linajengwa kwa mbao za Kusini. Mnada ni wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, korosho huuzwa mnadani, kisha anasubiri malipo. Minada huanza kuchangamka kuanzia Oktoba. Na husemwa huku kwetu kwamba fedha za korosho zikikaribia, baadhi ya waume huanza kutafuta mke wa pili. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichotamkwa. Mume hakutaja korosho, hakutaja fedha, hakutaja mwanamke. Maneno yake matatu yametaja mnada na siku yake, na Mama Zainabu ameelewa yote, maskini.

Hapa kuna dhana moja ambayo ningependa tuiache: kwamba kichekesho hakitafsiriki. Inategemea kimening'inia wapi. Cha mbuzi hakitafsiriki kwa Kiingereza hata kidogo. Lugha hiyo haina neno moja la mnyama huyu na kifaa hiki, na hata lingekuwepo, kijineno chake cha kusimama badala ya mnyama mara nyingi ni kile kile cha kusimama badala ya kitu. -I- yetu isingekuwa na pa kukaa. Cha mnada kinatafsirika neno kwa neno bila kupoteza kitu, ila msikilizaji apewe kwanza habari za korosho. Cha kwanza kimefungwa kwenye sarufi, cha pili kimefungwa kwenye maisha.

Kwa nini kikielezwa kinakufa

Mpaka hapa jibu limeshajitokeza. Kicheko huja pale msikilizaji anapojenga daraja mwenyewe, kwa kasi. Ukimjengea, amevuka, lakini hakujenga. Nilipomweleza mdogo wangu habari ya kigoda na -i-, alielewa kila kitu na hakucheka. Maana aliipata yote. Alichokosa ni lile tendo la kugeuza picha kichwani kwa mkono wake mwenyewe.

Wako waliotafuta sababu za kicheko mahali pengine. Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1651, alisema hucheka anayejiona ghafla yuko juu ya mwenzake. Kwa dhihaka nakubali. Kwa mbuzi sikubali, kwa sababu tuliomcheka mgeni tulikuwa tumeingia dema lile lile pamoja naye. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1790, alisema kicheko hutokana na tarajio lililokazwa kisha likageuka ghafla kuwa si kitu. Amekaribia zaidi, lakini nusu. Tarajio la nyama limegeuka kuwa kitu kamili, nazi, chenye mantiki yake yote. Kama binti angeleta mbuzi kisha hadithi ikaishia hewani, tusingecheka, tungeuliza "halafu?"

Uongo hutaka kufichwa

Mama mkubwa alisema mjomba ametunga uongo. Wako wengi wanaofikiri kama yeye, na tangu ilipokuja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 swali hili huulizwa kwa hofu zaidi: nikituma kichekesho, nimesambaza taarifa ya uongo? Sheria ina wataalamu wake, nami nitabaki kwenye lugha.

Kilugha tofauti iko wazi. Mwongo anataka maana yake ya pili isijulikane kamwe. Siku ikijulikana, ameshindwa. Mtega kichekesho anataka ijulikane, tena sasa hivi. Isipojulikana, ndipo ameshindwa. Kiswahili kina alama zake za kumjulisha msikilizaji kwamba anaingia kwenye mchezo. "Jamaa mmoja" ni mojawapo. Jamaa huyu hana jina, hana mtaa, na hakuna anayeuliza. "Eti" ni kali zaidi. Mjomba alipoanza na "eti" alitangaza: haya nayaleta, lakini sitoi ushahidi wangu juu yake.

Tatizo la simu ni kwamba alama hizi hudondoka njiani. Mtu anakata "eti", anakata jina la aliyetuma, anabakiza mstari mmoja wenye uzito. Tuseme mkulima anawatania wenzake kwenye kundi la chama cha msingi, wote wakijua jana mnada haukwenda vizuri: "Mwaka huu bei ni nzuri mpaka wanunuzi wanalia." Kundini ni kichekesho, kwa sababu kila mmoja anajua nani alilia. Kikivuka hadi kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam kinakuwa habari, na huyo ndugu anapiga simu kuomba mkopo. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobaki nyuma ni ujuzi ule wa pamoja, ambao ndio uliokuwa nusu ya kichekesho.

"Natania tu"

Utani una historia ndefu nchini kwetu, na wageni waliutambua zamani. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ambayo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine anatakiwa, kumchokoza mwenzake, na mwenzake hapaswi kukasirika. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1940 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, alichapisha maelezo juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Aliona kwamba utani ni taasisi yenye haki na wajibu. Mtani anaweza kukutukana msibani na pia anakuja kuchimba kaburi.

Kwa hiyo "natania tu" ina nguvu pale uhusiano ulipo. Mjukuu akimwambia bibi yake "mke wangu, mbona leo hujanipikia", nyumba nzima inacheka. Maneno hayo hayo akiyasema mpita njia, bibi ataokota mchi. Sentensi ni moja, kisemantiki haina tofauti, na maana yake imepinduka kwa sababu ya nani amemwambia nani. Anayesema "natania tu" kwa mtu asiye mtani wake anadai haki ambayo hakupewa.

Nina jambo la kusema hapa kwa uchungu kidogo. Vichekesho vingi vinavyozunguka nchini huanza na "Mmakonde mmoja", na Mmakonde huyo ni mjinga, hajui lifti, hajui benki. Watu huniambia: ni utani tu, kisha huongeza kwamba "lisemwalo lipo". Halipo. Fanya jaribio: ondoa "Mmakonde", weka kabila lolote lingine. Kichekesho kinasimama vile vile. Sasa ondoa ile -i- kwenye kichekesho cha mbuzi, kinaanguka. Jina la kabila halifanyi kazi yoyote ya maana humo ndani. Limewekwa kama alama ya haraka ya kumwambia msikilizaji "leta picha ya mtu asiyejua".

Christie Davies, mwanasosholojia wa Uingereza, alikusanya vichekesho vya namna hii kutoka nchi nyingi na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1990. Waingereza huwasema Wairishi, Wafaransa huwasema Wabelgiji, Wakanada huwasema watu wa Newfoundland. Visa ni vile vile, majina ndiyo yanayobadilika. Alichokiona ni kwamba wanaopewa nafasi ya mjinga kwa kawaida ni jirani wa pembezoni, mtu anayefanana nasi lakini anayeishi mbali na kitovu. Sisi tunaokumbuka safari ya Dar es Salaam kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kwenye Rufiji mwaka 2003, foleni ya kivuko cha Ndundu, matope, siku zilizopotea barabarani, hatuhitaji kuelezwa maana ya pembezoni. Vichekesho vile vinapima umbali wa barabara, havipimi akili ya mtu.

Wiki chache baada ya ubishi wa mbuzi, mdogo wangu wa Bukoba alituma cha kwake:

"Eti mzee mmoja kampigia simu mkwe wake: Mwanangu, nasikia umenunua mabati ishirini, hatimaye unamjengea binti yangu nyumba! Mkwe akajibu: Baba, huu ni Novemba."

Chini yake aliweka picha ya senene wa kukaanga.

Mtwara nzima ikanyamaza. Baada ya robo saa mjomba akaandika: "Marahaba mwanangu. Sijaelewa."